Godoro Ninalo, Usingizi Ndio Sina

Kaptula kumi na mbili zilirudishwa asubuhi moja, na aliyezileta alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe. Alizitandika moja moja juu ya meza ya kukatia, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono kifuani.

"Mama Sare," alisema, "watoto wangu wana mahitaji mengi, sikatai. Lakini zipu ya nyuma hawajaiomba."

Mama Sare alivaa miwani, akainama. Kweli. Kaptula zote kumi na mbili zilikuwa na zipu matakoni, tena zimeshonwa kwa ustadi, uzi umenyooka, hakuna mshono hata mmoja ulioyumba. Angekuwa mtu wa kujisifu angesema hizo ndizo zipu nzuri kuliko zote alizowahi kushona. Tatizo lilikuwa mahali tu.

"Huu ni mtindo mpya, mwalimu," alijaribu.

"Upya wake umezidi."

Mwalimu mkuu alipoondoka, Mama Sare aliketi kwenye kigoda chake na wembe wa kufumulia, akaanza kufumua. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akishona sare za shule katika chumba kilekile, ghorofa ya pili, na chumba chake cha kulala kikiwa nyuma ya pazia. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika. Hata marehemu mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita Mama Sare, tena hata taa ikishazimwa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukosea hata kifungo. Na sasa hii aibu.

Fundi viatu wa ghorofa ya chini alieneza habari kwamba mama wa watu ameanza kunywa kwa siri. Uongo mtupu. Mama Sare alikuwa hanywi chochote isipokuwa chai. Kilichomharibia kazi ni kwamba kwa muda wa miezi minne alikuwa hajalala.

Yote yalianzia kwenye jengo la ng'ambo ya barabara. Kampuni moja ya magodoro ilipanga pale chini ikafungua duka, na juu ya paa ikasimamisha bango la umeme, kubwa kama ukuta wa bweni. Katika bango hilo alionekana mwanamke mrembo amejilaza, akitabasamu, akifumba macho taratibu. Kisha bango zima lilipasuka kwa mwanga mweupe na maneno yakajitokeza: LALA KAMA MTOTO MCHANGA. Halafu mwanamke alianza tena kufumba macho. Hivyo hivyo, kila baada ya sekunde kumi, tangu jua kuzama hadi jua kuchomoza.

"Aliyeandika maneno yale hajawahi kuzaa," Mama Sare alisema siku ya kwanza. "Mtoto mchanga gani analala? Mtoto mchanga anaamka kila saa, analia, anajikojolea."

Baada ya wiki mbili alikiri kwamba bango lilisema kweli. Alikuwa akilala kama mtoto mchanga kabisa. Bado kujikojolea tu.

Na kwa kuwa umeme wa mtaa ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga, kampuni ilileta jenereta, ikaliweka ubavuni mwa jengo. Bomba lake la moshi lilielekezwa sawasawa kwenye dirisha la Mama Sare, utadhani lilikuwa limeelekezwa njia. Lilipowaka lilikohoa mara tatu, likanguruma, kisha likaanza kutema. Asubuhi Mama Sare alikuta masizi juu ya mashati meupe ya wanafunzi, juu ya cherehani, ndani ya sukari. Akipenga kamasi, leso ilitoka nyeusi kama kitambaa cha kupigia viatu rangi.

Mwili wake ulipoteza ratiba. Saa nane za usiku alijikuta macho makavu, akifagia chini ya meza. Njaa ilimshika saa ambazo hata panya wameshashiba. Mchana, mteja akiwa amesimama mbele yake amenyoosha mikono apimwe, kope zilikuwa zinaanguka zenyewe. Kisha ukaja moyo. Ulianza kuruka kifuani bila sababu, ukatulia, ukaruka tena, ukapiga mbio kama umesikia mwito ambao yeye mwenyewe hakuusikia.

Kaka yake, ambaye waliishi naye tangu astaafu ukarani, alikuwa na maelezo. Kaka huyu alikuwa na maelezo ya kila kitu. Mtaa mzima ulimwita Gazeti, kwa sababu alikuwa akisoma magazeti kwa sauti na hata yakiisha aliendelea.

"Hayo ni mapenzi, dada," alisema. "Moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, kushona zipu ovyo. Dalili zote. Sema, ni nani?"

"Kaka, mwanamume pekee anayenipandisha presha humu ndani ni wewe."

"Basi ni uzee. Usilaumu bango. Mimi nalipenda bango lile. Nasoma hadi usiku wa manane bila kuwasha taa. Neema tupu."

Siku neema hiyo tupu ilipomwangusha Mama Sare ilikuwa Jumatano, mchana kweupe. Alikuwa anashuka ngazi na furushi la sketi ishirini. Moyo ukaruka, ngazi zikapinda, na alipofumbua macho alikuwa amelala juu ya sketi hizo, fundi viatu akimpepea kwa soli ya raba. Sketi zilimwokoa. Gazeti alikuja mbio. Alimshika mkono dada yake, wakaenda zahanati.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ndogo na vidole vya baridi. Alimpima, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akauliza maswali mengi. Kisha akamfunga kifaa: waya zilizobandikwa kifuani, mkanda wa presha mkononi uliokuwa ukijikaza wenyewe kila baada ya muda, na kisanduku kidogo kiunoni.

"Kaa nacho mchana na usiku, mama, hadi kesho saa kama hizi. Na uandike kwenye daftari hili kila unachofanya na saa yake. Usifiche kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Kesho yake daktari aliweka daftari upande mmoja na michoro ya kifaa upande wa pili, akaanza kusoma kwa sauti akilinganisha.

"'Saa nne usiku. Nimelala chali. Mwanamke wa godoro amefumba macho, mimi nimefumbua.' Sawa. 'Saa sita. Jenereta limekohoa, na mimi nimekohoa.' Hapa moyo umeruka ruka, ona. 'Saa nane. Nimemtukana mwanamke wa godoro.'" Daktari alifunika mdomo. "'Saa nane na nusu. Nimemtukana tena, na mama yake. Saa tisa. Nimemwomba Mungu msamaha kuhusu mama yake. Saa tisa na dakika tano. Jenereta limezima, kisha limewaka. Msamaha nimeuondoa.'"

Alicheka hadi akavua miwani. Lakini alipoivaa tena na kurudi kwenye michoro, kicheko kilimwisha.

"Mama, nikueleze. Mwili una saa yake ya ndani. Giza likiingia, saa hiyo inauambia mwili: pumzika. Presha inashuka, moyo unapunguza mwendo, nao unapata nafasi ya kutulia. Presha yako haikushuka usiku kucha. Moyo wako umefanya kazi zamu ya mchana, na zamu ya usiku pia."

"Sababu ya lile bango?"

"Mwanga mkali usiku unaidanganya ile saa kwamba bado ni mchana. Kelele nazo, hata ukiwa umesinzia, mwili unazisikia na kushtuka. Na ule moshi una vumbi jembamba mno, unalivuta hadi mapafuni, lingine linapenya hadi kwenye damu na kuichokoza mishipa. Sitasema ni hayo peke yake. Umri upo, na chumvi nayo ipo. Lakini hayo matatu yanakusukuma kwa pamoja."

Gazeti, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha msindikizaji, alikohoa kwa dharau. "Daktari, samahani, mimi nakaa nyumba hiyohiyo, bango lilelile, moshi uleule. Niangalie. Chuma."

"Leta mkono, baba."

Alipima mara moja. Akatazama. Akapima mkono wa pili. Akamwambia akae kimya dakika tano, jambo ambalo Gazeti hakuwahi kulifanya tangu abalehe, kisha akapima tena.

"Baba, umekuja hapa kwa miguu yako?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kwa presha hii wengine wanabebwa."

Wote wawili walirudi nyumbani na vidonge, na njia nzima Gazeti hakusoma hata kibao cha duka. Mama Sare alimwangalia kwa pembe ya jicho. Alikuwa amemzoea kaka mwenye kelele. Huyu mnyamavu alimtisha kuliko moyo wake mwenyewe.

Siku iliyofuata alivuka barabara.

Duka la magodoro lilikuwa na mapazia mazito, hewa baridi, zulia lililomeza nyayo. Msichana wa mauzo alimwambia kwa adabu kwamba meneja ana kikao, amsubiri. Viti havikuwepo. Palikuwa na magodoro tu, yametandikwa shuka nyeupe, yamepangwa mstari mpaka mwisho wa ukumbi. Mama Sare aliketi kwenye ukingo wa moja. Akasema moyoni, nitaegemea kidogo tu.

Alipofumbua macho, saa nne zilikuwa zimepita. Mate yalikuwa yamelowesha mto. Viatu vyake vilikuwa vimevuliwa na kupangwa vizuri chini, na mbele yake walisimama msichana wa mauzo, meneja mwenye tai, na mume na mke wasiomjua wakimtazama kwa mshangao mkubwa.

"Hilohilo," yule mke alimwambia meneja. "Tunataka kama hilo."

Meneja alisubiri wanunuzi waondoke, akapiga makofi. "Mama! Umekoroma hadi ghala la nyuma, na watu watatu wamenunua. Hebu niambie, nikupe nini? Nikupe godoro?"

"Godoro ninalo, mwanangu. Usingizi ndio sina." Akamweleza yote: bango, jenereta, moshi, moyo, kaka yake. Hakumficha kitu, hata zipu za matakoni.

Meneja alisikiliza huku akinyoosha tai. "Pole sana, mama. Lakini bango lina kibali. Tena mtaa umepata mwanga. Hata wezi wamepungua."

"Wezi nao wanakaa mtaa huuhuu. Hawajalala, watapata wapi nguvu za kuiba?"

Msichana wa mauzo aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Meneja alimsindikiza Mama Sare hadi mlangoni na kumkaribisha tena, siku yoyote, alale.

"Nitakuja," alisema Mama Sare. "Tena sitakuja peke yangu."

Jioni hiyo alipita mlango kwa mlango, kuanzia ghorofa ya juu hadi chini, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akiuliza swali moja: nani halali? Mama mmoja wa ghorofa ya tatu aliangua kilio palepale. Mtoto wake alikuwa mchanga kweli, na alikuwa ameambiwa ana pepo. Mume na mke wa mlango wa pili walikuwa wamefikia hatua ya kugawana vyombo, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyebadilika tabia. Fundi viatu alikiri, huku akitazama vidole vya miguu yake, kwamba naye siku hizi anajigonga gumba kwa nyundo, na kwamba ule uvumi wa pombe aliutunga ili apate wa kumcheka.

"Na mimi nimo," alisema Gazeti kutoka kwenye ngazi. "Ila hotuba nitaisoma mimi."

Jumamosi, saa tano asubuhi, wapangaji kumi na tisa walivuka barabara wamevaa nguo za kulalia, kila mtu na mto wake kwapani. Magari yalisimama. Waliingia dukani, wakavua ndala mlangoni, kila mmoja akachagua godoro. Gazeti alisimama katikati na pajama zake za mistari, akafungua karatasi nne alizoandika pande zote mbili, akasoma, "Ndugu wananchi," na alipofika mstari wa tatu aligundua kwamba hadhira yake yote inakoroma. Haikuwa maigizo. Watu walikuwa wamelala kweli, midomo wazi, mpaka yule mtoto wa pepo. Gazeti alitazama karatasi zake, akazikunja, akajilaza.

Meneja alikuja mbio. Akapiga kelele, hakuamka mtu. Akaita polisi. Akaja mmoja, mnene, mpole, na daftari mkononi.

"Kosa lao ni nini?"

"Wamelala!"

"Wamelala wapi?"

"Kwenye magodoro!"

Polisi aliandika polepole. "Watu... wamelala... kwenye magodoro." Akainua kalamu. "Halafu?"

"Halafu nini? Ni duka la magodoro!"

"Ndiyo hilo linanisumbua, bosi. Kwamba ni duka la magodoro." Akafunga daftari, akaomba radhi, akaondoka kwa ncha za vidole ili asiamshe watu.

Wateja walijaa mlangoni, wengine wakicheka, wengine wakiuliza kulikoni. Mama Sare ndiye aliyeamka, akakaa kitako, nywele zimesimama upande mmoja.

"Mwanangu," alimwambia meneja mbele ya wote, "sikugombezi. Nakualika. Njoo ulale chumbani kwangu usiku mmoja tu. Chukua godoro lako lililo bora kuliko yote hapa. Asubuhi ukiniambia umelala, mimi na hawa hutatuona tena."

Meneja alitazama umati. Angekataa, ingekuwa amesema mwenyewe kwamba godoro lake halifai. Alikaza tai. "Nitakuja," alisema.

Alikuja usiku ule ule, yeye na msichana wa mauzo wakipandisha ngazi na godoro nene kama keki ya harusi. Mama Sare alimtandikia, akamwonyesha choo kilipo, akaenda kulala chumba cha nyuma kwa kaka yake. Nyuma ya ukuta alisikia kila kitu. Saa nne, kujigeuza. Saa sita, jenereta lilikohoa mara tatu, na meneja akaita jina la Mungu. Saa saba, mto ulirushwa. Saa nane alisikia sauti ya mwanamume akigombana na mtu. Alipochungulia kwenye tundu la pazia alimkuta meneja amesimama dirishani na kaptula yake ya ndani, akimwelekezea kidole yule mwanamke wa bango.

"Funga macho basi ulale!" alikuwa akimwambia. "Funga, moja kwa moja!"

Alfajiri alitoka macho mekundu, pua nyeusi, tai begani kama taulo. Hakusalimia. Alitoa simu mfukoni, akabonyeza, akasema neno moja: "Zimeni."

Isidhaniwe mambo yalikwisha hapo. Bango lilianza kuzimwa kila siku saa mbili usiku, hilo ni kweli. Ila kuhamisha jenereta kulichukua wiki saba na visingizio kumi na moja. Mara fundi ana msiba, mara bomba halijafika, mara aliyeshika ufunguo hajulikani alipo. Mama Sare alivuka barabara kila Jumamosi na mto wake, akajilaza, akakoroma, mpaka siku lile jenereta lilipohamishiwa nyuma ya ghala na kuwekewa bomba refu linalopumulia juu ya mapaa.

Wala usingizi haukurudi siku moja. Usiku wa kwanza wa giza Mama Sare alikesha kwa sababu ya hilohilo giza, akiogopa ukimya, akijiuliza kama amekufa. Daktari alimwambia asihangaike, saa ya mwili haisogezwi kwa kidole, avumilie, alale na aamke saa zilezile kila siku. Wiki ya tatu alijilaza saa tatu usiku, akafumba macho, na kilichofuata ni mwanafunzi anagonga mlango akiuliza kama leo hashoni.

Miezi miwili baadaye walirudi zahanati, dada na kaka. Daktari alimfunga tena Mama Sare kile kifaa, na kesho yake akamwonyesha mchoro: presha iliinama usiku, ikatulia, ikapanda asubuhi kama inavyotakiwa. Moyo bado uliruka hapa na pale.

"Hayo mengine huenda yakabaki, mama. Sitakudanganya. Miezi ile ilikuchosha, na vidonge utaendelea navyo. Lakini unaenda vizuri."

"Na huyu chuma?" Mama Sare alimnyooshea kaka yake kidole.

Presha ya Gazeti ilikuwa imeshuka, ila haijafika inapotakiwa. Daktari alimwandikia kutembea nusu saa kila asubuhi, kabla magari hayajaanza kutifua vumbi na moshi. Gazeti aliuliza kama kutembea huko kunaweza kufanywa akiwa ameketi. Daktari akasema hapana.

Kesho yake jua likiwa bado halijatoka vizuri, walianza, Mama Sare mbele na viatu vya raba alivyoshonewa bure na fundi viatu kwa kuomba msamaha, Gazeti nyuma. Hewa ilikuwa na ubaridi mzuri. Kila kona kaka alisimama, akaweka mikono kiunoni, akatazama mbali.

"Umechoka?" dada alimuuliza.

"Naangalia mandhari."

"Hilo ni pipa la taka, kaka."

"Ndiyo," alisema Gazeti akihema, "lakini limekaa vizuri." Naye Mama Sare, aliyekuwa ameshika kifua chake kwa kicheko, alikuta moyo unapiga taratibu, akamsubiri mpaka pumzi imrudie.